Gari Lifike Safi

Mume wangu ni kinyozi, na ukiishi na kinyozi utazoea mambo yake. Hawezi kukuona na uzi begani asiutoe. Akimaliza kula anapangusa meza, anapangusa kiti, kisha anakutazama wewe kana kwamba ndiwe uliyebaki. Kwa hiyo mama yangu alipompigia simu na kumwambia, "Nitakuja kuishi kwenu gari lako likinifikia safi," alimpa mtihani ambao mume wangu alijiona ameshaufaulu. Alikata simu akacheka. Mimi sikucheka. Nilichungulia dirishani, nikaiona mvua inavyonyesha kama imekodiwa, nikajua tumepatikana.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili lilikuwa zito. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki, kwenye nyumba ile ile waliyonilelea. Magoti yameanza kumgomea. Miezi michache iliyopita aliteleza bafuni, akashindwa kuinuka, akabaki pale sakafuni akigonga ndoo kwa kopo mpaka jirani akasikia. Habari nilizipata kwa huyo jirani, maana mama mwenyewe nilipompigia alisema "alikaa kidogo." Tangu siku hiyo simu ikilia roho inaniruka. Nilimbembeleza aje kwetu, nikalia, nikanuna, nikawatuma wajomba wakaongee naye. Wajomba walirudi wamepewa chai na hawana jibu. Mama alisema atafikiria. Kisha, katikati ya mvua hizi, ndipo akaja na sharti la gari.

Wasiomjua mama wataona ni utani. Mama hana utani na uchafu. Mpaka anastaafu alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini. Mashuka ya wodi zote yalipita mbele ya macho yake, na wafuaji walimwogopa kuliko walivyomwogopa daktari mkuu. Na mume wangu alianza naye vibaya. Siku alipokuja kujitambulisha nyumbani kulikuwa na mvua. Alifika mpaka getini akiwa safi, suruali imenyooka, viatu vinang'aa, na pale pale getini gari likapita kwenye dimbwi likamwogesha. Mtu mwenye akili angerudi kwao. Yeye aliingia ndani, akasalimia kwa adabu zote, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe alichokifuma mama kwa mkono wake.

Tangu siku hiyo mama anamwita Bwana Tope. Si mbele yake. Mbele yake anamwita "mkwe," ila kabla hajalitamka anavuta pumzi.

Sasa na mimi nijitaje. Mimi ni dereva wa basi la shule. Nimeendesha kwenye mvua, kwenye ukungu, na huku nyuma watoto wanagombania kiti cha dirishani. Kwa hiyo nilimwambia mume wangu jambo la busara: niachie usukani, wewe kaa pembeni na vitambaa vyako.

"Mama yako hakusema 'gari lenu,'" alinijibu. "Kasema 'gari lako.' Amenitaja mimi."

"Amekutega wewe."

"Basi nitautegua mwenyewe huo mtego."

Haambiliki. Nikala kiapo moyoni kwamba nitakaa pembeni na nitanyamaza, maana siku hiyo nilichotaka ni mama aje, si kushinda mabishano.

Maandalizi yake yangetosha kumwandaa bwana harusi. Gari letu ni jeupe, kosa nililolipinga tangu siku tunalinunua, lakini hayo yameshapita. Aliliosha, akalikausha kwa ile mashine anayokaushia nywele za wateja, akalipaka nta tabaka juu ya tabaka hadi nzi akitua anateleza. Nyuma ya kila tairi alifunga madigadi mapya ya mpira, marefu, yanakaribia kuburura chini. Gari likaonekana limevaa sketi. Kisha akapakia taulo, brashi za shingo, na ile chupa yake ya kunyunyizia maji.

Ushauri nao alikuwa ameukusanya kazini, kwa wateja. Kinyozi hapungukiwi washauri. Mmoja alimwambia aende polepole ili maji yasiruke. Mwingine akamwambia akimbie ili mvua yenyewe iioshe bodi. Wa tatu, ambaye hana gari wala hajawahi kuwa nalo, alisema siri ni kukaa mbali na gari la mbele, kwa sababu uchafu wa gari lako ni tope la mwenzako. Hili la tatu mume wangu alilipenda sana. Na kwa kweli si uongo. Barabara ikilowa, unamwachia wa mbele nafasi, unafuata ile njia ambayo matairi ya wengine yameshasukuma maji, na dimbwi unaliingia taratibu kama unavyoingia kwenye chumba cha mgonjwa. Hayo mimi nayafanya kila siku bila kumwambia mtu. Lakini nilikuwa nimeapa kunyamaza, nikajikaza kisabuni.

Tatizo ni kwamba mume wangu akikubali jambo hulifanya mpaka lilie. Tuliingia barabara kuu, mbele yetu lori, naye akaacha nafasi. Gari lililokuwa nyuma yetu likaona nafasi, likapita, likaingia. Akapunguza mwendo apate nafasi nyingine. Likaingia basi. Akapunguza tena. Kila aliyepita alituwekea tope jipya la kulikwepa, na kila tulipolikwepa akaingia mwingine. Kwa hesabu yangu tulikuwa tunarudi nyumbani.

Mzee mmoja wa baiskeli alitufikia, akaenda sambamba na sisi, akainama dirishani.

"Mmeharibikiwa?" aliuliza.

"Hapana, mzee wangu," mume wangu akajibu. "Tunatunza gari."

Mzee alilitazama gari, akaitazama mvua, akatutakia safari njema. Kisha akatuacha.

Karibu na daraja barabara ilikuwa inatengenezwa. Lami imechimbuliwa, udongo mwekundu uko wazi, maji yamejaa, na magari yanapita kwa zamu, upande mmoja ukienda mwingine unangoja. Ukiwa kwenye foleni ya kungoja, yanayotoka upande wa pili yanapita karibu kabisa na ubavu wako na kukumwagia kila yalichokiokota huko. Mume wangu alizima injini, akavuta mfuko kutoka chini ya kiti. Ndani yake kulikuwa na shuka letu la kitandani, lile kubwa la maua.

"Sikiliza," alisema. "Lori likija nitasema 'shuka.' Unashuka nalo, unashika pembe mbili, mimi nashika mbili, tunaufunika ubavu mpaka lipite."

"Neno moja tu?"

"Neno moja. Hapo hakutakuwa na muda wa sentensi."

Lori likaja. Akasema "shuka," nami nikashuka na shuka. Tukasimama kwenye tope, mtu na mkewe, tumelitandaza shuka la maua ubavuni mwa gari kama watu wanaoanika nguo kwenye mafuriko. Foleni nzima ilishusha vioo kutuangalia. Dereva wa lori, Mungu ambariki, alidhani tuna mgonjwa au maiti, akapunguza mwendo, akavua kofia, akapita kwa heshima bila kurusha hata tone. Wa nyuma yake hakuwa na moyo huo. Shuka likala tope, na sisi tukala kidogo. Gari halikupata kitu. Mume wangu aliingia ndani anatabasamu, magoti yamelowa, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuamini kwamba huenda tukafika.

Kabla ya kona ya kwa mama alisimama chini ya paa la duka, akatoa brashi na taulo, akaanza kazi. Tairi baada ya tairi, kitasa baada ya kitasa, akipuliza, akipangusa, akirudi nyuma hatua moja kutazama kama mistari imekaa sawa. Mwenye duka akatoka, akaegemea mlango.

"Utalipunguza na pembeni?" aliuliza.

Mume wangu hakumsikia. Alikuwa anasafisha taa.

Mama alitoka na mwavuli. Hakutusalimia; alianza na gari. Alilizunguka polepole kwa magoti yake hayo. Akapitisha kidole chini ya kitasa, akakitazama kidole. Akapitisha nyuma ya kibao cha namba. Akainama, nikaona inavyomuuma, akachungulia nyuma ya tairi, juu kule ambako hata mimi siangaliagi. Mume wangu alisimama na taulo begani. Nami nilikuwa namtazama mama usoni, nikaona jambo ambalo sikulielewa. Kila alipokuta pasafi, uso ulizidi kunyong'onyea. Nilidhani ni kiburi, kwamba inamuuma kumpa Bwana Tope ushindi.

"Safi," alisema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. "Haya. Ingieni mnywe chai."

Tulipoingia ndani nilikuta hajafunga mzigo hata mmoja. Hakuna begi, hakuna fundo. Vyombo viko kabatini, nguo ziko kwenye kamba ya ndani, kalenda ya baba bado iko ukutani. Hapo hasira ikanipanda. Mtu anakuita umchukue na hajakunja hata leso? Nikaanza kufunga mwenyewe, kwa kishindo: mablanketi, mito, masufuria, na godoro lake, kwa sababu alisema hawezi kulalia la mtu mwingine. Mama alipita nyuma yangu akigusa vitu. Aligusa mlango wa chumbani. Aligusa swichi. Alifunga madirisha moja moja, na kila dirisha lilimchukua muda ambao dirisha halihitaji.

Kitu pekee kilichomchangamsha ni shuka. Aliliona letu la maua limeviringishwa mlangoni, akalinyanyua kwa vidole viwili.

"Hili ni la nini?"

"La kufunikia gari, mama," nikamwambia. Sikuwa na nguvu ya kumweleza habari za daraja na foleni.

"Gari mmelipaka nta mkalifunika kwa tambara." Akalitumbukiza kwenye ndoo ya sabuni, akafungua kabati, akatoa shuka lake moja jeupe, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. "Mtafunikia hili. Na nitalishika mimi, ninyi hamjui kukunja."

Basi tukaondoka hivi: mume wangu kwenye usukani, mama kiti cha mbele na shuka mapajani, mimi nyuma nimebanwa na godoro. Sikuona mbele wala pembeni. Niliona godoro. Safari yote ya kurudi nimeijua kwa masikio, ila pale nilipotoa kichwa.

Na masikio yalisikia mengi. Mama yangu hana leseni, lakini maoni anayo. Mume wangu akipita kushoto mwa dimbwi, alimwambia angepita kulia. Akipita kulia, mama alivuta pumzi. Akiacha nafasi, aliuliza kama tunamngoja mtu. "Mkwe, waipa zako zinalia." "Mkwe, yule pale ametupita." Mume wangu alijibu "ndiyo, mama" kwa kila jambo. Ni mtu anayemheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba mbele yake husema maneno machache kadiri inavyowezekana, na hayo machache anayatanguliza na "naomba" au "samahani." Naomba ufunge mkanda, mama. Samahani, mama, nafungua dirisha kidogo. Baada ya muda mama mwenyewe aliona amezidisha, akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba kwa maneno yote yale alikuwa anangoja tu mkwe achoke naye, amrudishe kwake.

Tukafika darajani. Zamu ya upande wa pili ikafunguliwa. Mvua ilikuwa imeongezeka, udongo umekuwa uji, na sisi tumesimama katikati ya dimbwi. Nikasikia injini nzito inakuja. Nikasikia mume wangu anafungua mkanda haraka. Na kwa haraka hiyo alisahau "naomba," alisahau "samahani," alisahau kwamba aliyekaa pembeni yake si mimi. Alinyoosha mkono, waliniambia baadaye, kuelekea mapajani kwa mama, ambako ndiko kuelekea mlango vilevile, akasema:

"Mama, shuka."

Kisha nikasikia mlango unafunguliwa.

Mama yangu hajawahi kuambiwa "shuka" na mtu yeyote kwenye gari lolote. Lakini hakubishana. Alitoa mguu mmoja ukazama, akatoa wa pili ukazama, akasimama kwenye maji na lile shuka jeupe kwapani, akaufunga mlango polepole, kwa adabu. Mama akifunga mlango polepole ni dalili mbaya sana.

"Mama yuko wapi?" nikauliza nikiwa nyuma ya godoro.

"Ameshuka," mume wangu akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyemeza kijiko.

"Kwa nini ameshuka?"

"Nimemwambia shuka."

Nilipigana na godoro mpaka nikapata tundu la jicho moja. Nikamwona mama anazunguka boneti, ameshika gari kwa mkono, maji yanampiga miguuni, anakuja upande wa dereva, upande ule ule yanakopita magari. Akagonga kioo. Mume wangu akakishusha.

"Mkwe," alisema mama, "nimeshuka. Sasa nielekee wapi?"

Nyuma yake lori lilikuwa linakuja. Huyu hakuwa wa kuvua kofia. Alikuwa anakimbilia kumaliza zamu, na mbele ya matairi maji yalikuwa yanapasuka pande zote mbili mpaka juu ya vioo. Nikapiga kelele, lakini godoro likaimeza. Mume wangu alifungua mlango akaruka nje. Akalivuta shuka kwapani mwa mama, akalikung'uta hewani mara moja, vile anavyofanya kila mteja akikaa kitini, likafunguka lote. Akamzungushia mama kuanzia shingoni hadi chini, akalikaza nyuma ya shingo, akasimama mbele yake akalipa lori mgongo.

Lori likapita.

Sijui nieleze vipi kilichotua. Kilitua kwa mzigo mmoja, kama mtu amemwaga karai. Kilimpiga mume wangu kuanzia kisogoni, kikaenda kwenye gari kutoka taa hadi buti, kikaingia kwa mlango alioacha wazi, kikatapakaa kwenye kiti, kwenye usukani, na kingine kikanifikia kwenye lile tundu la jicho langu moja. Nta haikusaidia. Madigadi hayakusaidia. Lile gari jeupe lilikuwa rangi ya chungu.

Nilipotoka upande wa pili na kuwazungukia, nilimkuta mama amesimama ndani ya shuka, kichwa tu ndicho kinachoonekana, kikavu, kama mtu anayengoja kunyolewa. Mbele yake mume wangu anatiririka tope, nyusi hazionekani.

"Mkwe," mama akasema taratibu. "Wewe ulikuwa unataka nini hasa?"

"Shuka, mama."

"Si nimeshuka."

"Hapana. Hili. Shuka hili. Nilitaka unipe."

Mama aliinamisha kichwa akalitazama shuka lake lililomzunguka. Nje limejaa tope, ndani hata tone halijaingia. Nikaona mdomo unamcheza.

"La kufunikia gari."

"Ndiyo, mama."

"Mbona umenifunika mimi?"

Mume wangu aligeuka akalitazama gari. Naapa, lilikuwa ni jambo geni kwake. Mtu ambaye hawezi kupita uzi begani kwa mtu alikuwa analiona tope lile kwa mara ya kwanza.

"Nimelisahau gari," alisema.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwegemea mkwe wake ili asianguke, nami nikaanza kucheka, na mume wangu akatutazama wote wawili kama watu tuliochanganyikiwa. Nyuma yetu honi zikaanza kulia, zamu yetu ilikuwa imefika. Kisha nikagundua kwamba mama hacheki tena. Alikuwa analia, na mikono iko ndani ya shuka, hawezi hata kujifuta.

"Nilitaka lije na doa," alisema. "Mvua zote hizi. Nilijua hakuna gari litakalonifikia safi. Doa moja tu lingenitosha, ningewaambia nendeni, ningebaki kwangu. Huyu mtu wako akaja na gari kama sahani."

"Mama, ulianguka," nikasema. Nilikuwa na hasira, sikatai. "Ungefia bafuni unagonga ndoo."

"Ningefia kwangu."

Nililolitafuta miezi yote hii, kwa wajomba na machozi na kununa, lilikuwa hapo mbele yangu kwenye dimbwi, na halikuwa habari ya usafi hata kidogo. Mama alikuwa anaogopa. Mimi nilikuwa naogopa simu, yeye alikuwa anaogopa kuifunga nyumba na kumwacha baba humo peke yake. Tulikuwa tunaogopa kitu kile kile, mtu wetu kubaki peke yake, na kupigiana kelele.

Ndipo mume wangu akafungua mdomo. Alijifuta macho kwanza, akabaki na duara mbili safi.

"Mama," alisema, "sharti lako lilikuwa gari safi. Gari hili sasa ni chafu. Ukitaka, naligeuza. Nitakurudisha kwako, nitakushushia kila kitu, na hakuna atakayekulaumu."

Ningeweza kumzamisha kwenye lile dimbwi. Nakwambia, nilimsogelea. Mtu nimemlilia miezi, ameshaingia kwenye gari, daraja hili hapa, na huyu kinyozi anamfungulia mlango. Lakini kulikuwa na kitu usoni kwa mama kilichonisimamisha. Alikuwa anamtazama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatafuta mahali pachafu.

Honi zililia. Mtu mmoja huko nyuma alituuliza kama tunauza au tunanunua. Mama hakuharakisha. Alilitazama gari kutoka taa hadi buti. Aligeuka akatazama barabara tuliyotoka, akaitazama kwa muda.

"Nishike mkono," alimwambia mume wangu, akiutoa mkono ndani ya shuka.

Wakazunguka boneti pamoja, kinyozi na mteja wake ndani ya shuka, hatua kwa hatua kwenye maji. Mume wangu alipofungua mlango, mama alikuta tope limetapakaa mpaka kwenye kiti chake. Nikamwona anakitazama kile kiti. Nikangoja. Mama alikikalia kama kilivyo, akavuta miguu ndani, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono.

"Hapa pamechafuka," alisema.

"Ndiyo, mama. Samahani, mama."

"Acha samahani, watu wanangoja. Twende, tutapasafisha tukifika nyumbani."

Mume wangu alishika usukani uliojaa tope, akawasha gari. Alinitazama kwenye kioo, maana na yeye alikuwa amelisikia hilo neno na hakujua ni nyumba ipi. Sikumsaidia, nilikuwa nimeshajificha nyuma ya godoro. Kwa hiyo alivuka daraja, akashika njia ya kwetu, polepole, akingoja kuambiwa ageuze.

Mama alimwambia waipa zinalia. Kugeuza hakumwambia.